Data za mlima zinafika Ulaya, Kanyaruchinya hazifiki

GOMA, Mei 2024 – Usiku katika kambi ya Kanyaruchinya, ardhi ikitikisika, watu huulizana jambo moja kabla ya mengine yote.

– Baba, ile ni bombe ao ni mulima?

– Siyui, mama. Tungoje ingine.

Wanangoja. Wengine wanavaa viatu na kumfunga mtoto mgongoni, wengine wanabaki wamelala wakisikiliza. Ikipiga ya pili na sauti ikisikika upande wa Kibumba, wanasema ni bombe. Isiposikika kitu, wanatoka nje ya hema kuangalia wingu jekundu juu ya Nyiragongo kama limeongezeka. Hiyo ndiyo njia ambayo familia nyingi za wahami zinatumia kujua kama zitaamka hai.

Mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba hatari ni hatari tu, mtu anakimbia na basi. Sivyo. Bombe likianguka, mtu analala chini ao anajificha nyuma ya ukuta kama ukuta upo. Lava ikishuka, kujificha hakusaidii. Inabidi kutoka njiani mwake haraka, na kujua inashukia upande gani. Na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na ambayo watu wa Goma wanaijua tangu zamani, inataka kinyume cha bombe: ukilala chini umekufa, lazima upande mahali pa juu. Hizo ni hatari 3 zinazotaka mbio za namna 3, na kambi inazo zote. Mtu asiyejua ni ipi iliyomuamsha anaweza kukimbilia kifo chake akidhani anakikwepa.

Jibu la yule mama lipo. Limeandikwa kila usiku, sekunde kwa sekunde, ndani ya vifaa vilivyofukiwa kuzunguka milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Ila halimfikii.

Vifaa hivyo vinaitwa vihisi. Kila kituo kina chombo cha kupima tetemeko, kilichowekwa ndani ya shimo ao kijumba kidogo cha saruji, paneli ya jua, betri, na antena. Vituo vingine vina GPS ya kazi ngumu, inayoona kama udongo umevimba ao umesogea hata kwa milimita chache. Mtandao huu ulijengwa kuanzia miaka ya 2010, Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kikishirikiana na watafiti wa Ubelgiji na Luxembourg. Kuna vituo zaidi ya 10, na baadhi yao viko ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Vipimo vya tetemeko vinatumwa moja kwa moja mpaka Goma, na moja kwa moja mpaka Luxembourg, ambako kompyuta zinavipokea na kuvihifadhi.

Hapo hakuna ubaya wowote. Ni vizuri mtu wa Luxembourg awe na nakala, maana nakala ya Goma inaweza kupotea. Ubaya ni kwamba habari ya ardhi ya Kanyaruchinya inavuka bahari kabla ya kuvuka barabara ya Rutshuru.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuelewa kwanza kwa nini vihisi vinapashana habari. Kihisi kimoja peke yake ni kama mtu mmoja aliyesikia mlio gizani. Anajua umepiga, hajui umetoka wapi. Gari kubwa la Fuso likipita karibu, kihisi kinatikisika. Mbuzi akija kujikuna kwenye kijumba, kinatikisika. Bombe likianguka kilomita 3, kinatikisika pia. Kikiwa peke yake hakiwezi kusema mengi.

Lakini tetemeko la kweli linatuma mawimbi ya aina 2 yanayopita ndani ya mawe. La kwanza ni la mbio, la pili linakuja nyuma yake na ndilo linalotikisa zaidi. Muda kati ya la kwanza na la pili unaonyesha umbali: ukiwa mfupi, tetemeko liko karibu. Kituo kimoja kinajua umbali na hakijui upande. Vituo 3 vikiambiana kila kimoja umbali wake, mahali panajulikana. Cha 4 kikiongezeka, kina pia kinajulikana vizuri: tetemeko liko kilomita 10 chini ya mlima, ao liko kilomita 1 tu chini ya kata ya Majengo. Na kulinganisha saa ambazo mawimbi yanafika kwenye kila kituo kunataka saa za vifaa zilingane kabisa, ndiyo maana kila kituo kinachukua saa yake toka kwa satelaiti. Kama saa ya kituo kimoja imechelewa sekunde 1 tu, tetemeko linaweza kuandikwa kilomita kadhaa mbali na mahali lilipotokea.

Ndivyo pia bombe linavyotenganishwa na mlima. Bombe linapiga juu ya ardhi, nguvu yake kubwa inaenda hewani, linasikika na kituo cha karibu na linafifia mbio. Tetemeko la mlima linatoka chini na linafika vituo vingi. Vifaa vya kusikia sauti nzito ambazo sikio la mtu halisikii vinasaidia kuhakikisha. Kwa hiyo swali la mama wa Kanyaruchinya, ambalo yeye analijibu kwa kungoja la pili, mashine zinaweza kulijibu mbio, kama zimeulizana.

Kama zimeulizana. Hapo ndipo shida ilipo.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu, na watu walikimbia kabla ya kuambiwa neno. Wengine walikwenda Gisenyi, wengine Sake, wengine walipanda tu mahali popote palipokuwa juu. Lava ilikula vijiji vya teritware ya Nyiragongo, ikakata barabara ya Rutshuru, ikafika Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu 30 hivi walipoteza maisha. UNICEF ilisema siku zilizofuata kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao.

Je, vihisi vilikuwa wapi? Pesa za Benki ya Dunia zilizosaidia OVG ziliisha mwaka 2020 na hazikuongezwa. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea vipimo toka mlimani, na iliporudi mwezi wa nne wa 2021, mlipuko ulikuwa umebakiza majuma machache. Mlima haukunyamaza miezi ile. Waliokosa kuusikiliza ni watu, na walikosa kwa sababu ya deni la intaneti.

Lazima haki itendeke pia kwa wataalamu. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida. Mlima ulipasuka ubavuni, na alama za wazi kwenye vihisi zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Kwa hiyo yule anayesema kwamba intaneti ingelipwa basi mji ungejulishwa wiki 2 mbele, huyo anadanganya, hata kama anadanganya kwa nia njema.

Lakini chini ya saa moja si bure. Mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya Goma mpaka ziwani, na mwaka 1977, ziwa la moto lilipomwagika kwa muda mfupi sana juu ya vijiji, kulikuwa na watu ambao robo saa ingewatosha. Mama mwenye watoto 4 anahitaji dakika kadhaa kuwaamsha, kuwavalisha, kuwahesabu, kufunga sufuria na kitambulisho ndani ya kitenge na kufika barabarani. Mgonjwa wa kubebwa anahitaji zaidi. Kijana wa motari anahitaji dakika 5. Dakika zikiwa chache namna hiyo, ubishi kuhusu mashine za bei kubwa ni wa pili. Wa kwanza ni huu: dakika hizo zinaliwa na nani njiani?

Zinaliwa kwenye kituo cha katikati. Mpango wa kawaida ni kwamba kila kihisi kinatuma vipimo vyake vyote mahali pamoja, wataalamu wanasoma, wanaandika, wanampelekea mukubwa, mukubwa anaamua, msemaji anasoma tangazo. Kila ngazi ina haki yake, ila kila ngazi ina pia betri yake, simu yake na usingizi wake. Na kama ile sehemu ya katikati imekatikiwa na umeme ao intaneti, vihisi vyote vinageuka mabubu kwa pamoja, hata vile vizima, hata vile vinavyoonana kwa macho toka kilima hadi kilima.

Kuna namna ingine, na si ndoto. Katika mitandao mikubwa ya vihisi, vifaa vinaweza kuongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa redio, kila kimoja na majirani wake, bila kungoja mji. Kituo cha Rusayo kikihisi kitu, kinawauliza jirani 2 ao 3: na ninyi mmesikia? Wakijibu hapana, kinanyamaza, ilikuwa ni Fuso. Wakijibu ndiyo, habari inasonga mbele toka kifaa hadi kifaa. Njia moja ikikatika, habari inazunguka kwa njia ingine. Kifaa kikikosa njia kabisa, kinaweka vipimo ndani ya kumbukumbu yake na kuvitoa njia ikifunguka. Watu wa nyumba kumi wanafanya hivyo kila usiku mwizi anapoingia avenyu: hakuna anayempigia gavana kwanza.

Tena namna hiyo inapunguza mzigo. Chombo kinachochukua vipimo 100 kila sekunde, katika pande 3, kinafikisha karibu vipimo milioni 26 kwa siku. Kutuma vyote hivyo kwa antena, toka mahali ambako betri inategemea jua na mawingu ya Virunga hayaondoki, ni gharama. Lakini neno "nimesikia, saa fulani, kwa nguvu fulani" ni fupi kuliko ujumbe wa simu. Vipimo kamili vinaweza kwenda Goma na Luxembourg polepole kwa ajili ya sayansi. Lile neno fupi lingepaswa kuenda mbele, kama chukudu inayoteremka toka Kibumba: haingoji lori lijae.

Watakaopinga wapo, na sababu zao si za kudharau.

Wa kwanza wanasema raia wakipewa habari mbichi watahangaika. Kweli, kifaa kinaweza kukosea. Usiku mmoja wa kukimbia bure, mtu anavunjika mguu kwenye mawe, nyumba inabaki wazi na wezi wanaingia. Na kengele ikilia bure mara 3, ya 4 hakuna anayeamka. Ndiyo maana haifai kihisi kimoja kupiga kengele ya watu. Ni lazima vikubaliane kadhaa, na kwa hatari isiyo ya dakika, mtaalamu aamue. Lakini kumbukumbu ya Mei 2021 inaonyesha kwamba hangaiko kubwa lilitokana na kimya na maneno yaliyogongana. Tarehe 27 asubuhi mapema, kata 10 za Goma ziliamriwa kuhama, na watu wapata 400.000 wakajaza barabara kwa masaa. Siku 2 baadaye ikatangazwa kwamba mlima mdogo wa Murara umelipuka, kisha tangazo likarudishwa. Wakati huohuo magma ilikuwa kweli imepita chini ya mji na kufika chini ya ziwa, kwa hiyo amri ya kuhama haikuwa ya kichaa. Ila aliyekuwa Sake amelala kwenye veranda ya shule hakuwa na namna ya kujua tangazo lipi la kweli na lipi la makosa. Rangi za tahadhari zipo, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, na watoto wa Goma wanazijua. Kilichokosekana ni sababu ya rangi: kwa nini leo ni manjano, vituo vingapi vinafanya kazi, vingapi vimezimika.

Hilo la mwisho ndilo linalofichwa zaidi, na ndilo lingefaa kutangazwa kila juma. Kuna vituo ambavyo vita vimefika na mafundi hawawezi kupanda kubadilisha betri. Paneli na betri vinaibwa, kwa sababu familia iliyokosa taa inaona taa pale ambapo mtaalamu anaona chombo cha kupima. Kituo kikifa, ramani haibaki na tundu linaloonekana. Kinachoonekana ni utulivu. Hakuna tetemeko lililoandikwa upande ule, na mtu anasoma kwamba upande ule umetulia. Raia ana haki ya kujua kama kimya ni cha mlima ao ni cha betri.

Wa pili wanauliza: data zikitolewa wazi, hazitasaidia adui? Kihisi kinachosikia bombe kinaweza kuonyesha bombe limetokea wapi. Hoja hiyo ina uzito katika hali ya vita, na tangu mabombe yaanguke juu ya wahami wa Lac Vert na Mugunga mwanzoni mwa mwezi huu hakuna anayeweza kuicheka. Jibu lake ni kutenganisha. Anayetaka kujua kama mlima unasonga hahitaji kupewa ramani ya mizinga. Tetemeko la chini litangazwe. Mlio wa juu ubaki kwa wataalamu.

Na hapa kuna jambo ambalo mashirika hayapendi kusikia. Kambini data zinazokusanywa kwa bidii kuliko zote ni za watu. Mhami anaandikwa jina, kijiji alikotoka, idadi ya watoto, namba ya simu, mara nyingi na alama ya kidole, kisha shirika lingine linakuja na kumuandika upya. Hajui karatasi zile zinalala wapi wala zinagawanywa na nani. Wengine wanaogopa kwamba siku moja jina la kijiji chao litawaletea matatizo, na hofu hiyo haikuzuka hewani. Kwa hiyo habari za mtu zinazunguka kwa wepesi, na habari za ardhi anayolalia zinakaa kwenye seva. Ingefaa iwe kinyume: habari za ardhi ziwe za wote, habari za mtu zifungiwe kwa kufuli, na anayezitaka aeleze kwanza anazitakia nini.

Mpaka nao ni hivyohivyo. Serikali za Kinshasa na Kigali hazisikilizani, na hapa si mahali pa kuamua kesi hiyo. Lakini mwaka 2021 nyufa zilipita ndani ya nyumba za Goma na nyumba za Rubavu kwa siku zilezile. Ziwa Kivu, lenye kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani kwenye maji yake ya chini, halina upande wa Kongo na upande wa Rwanda pale hewa inapotoka. Huko Kameruni, mwaka 1986, ziwa Nyos, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa hewa ya kaboni usiku na kuua watu wapata 1.700. Vihisi vya Karongi na vya Goma vikikatazwa kuongea sababu ya siasa, wavuvi wa pande zote 2 ndio watakaolipa.

Kama pesa ni chache, na ni chache, pa kuanzia ni mazuku. Si kwa sababu mazuku inaua wengi kwa siku moja, bali kwa sababu inaua kidogokidogo kila mwaka, na hakuna televisheni inayokuja. Hewa ya kaboni ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi kabla ya upepo. Haina rangi, na mtu haisikii harufu. Mbuzi na watoto wanatangulia kufa kwa sababu vichwa vyao viko chini. Magharibi ya Goma, upande wa Bulengo na Lac Vert, mazuku zilikuwepo kabla ya kambi, kisha kambi zikaja kwa maelfu ya hema, na mtoto aliyetoka Masisi, aliyekulia kwenye vilima vya ng'ombe, hakuwahi kuambiwa kwamba shimo linaweza kumuua bila kumgusa. Vibao vya onyo viko sehemu fulani. Kibao hakijui kama leo asubuhi shimo limejaa ao liko tupu, na wengi hawajui kusoma kibao.

Kihisi kidogo cha hewa hiyo, kikiwekwa kwa urefu wa goti la mtu mzima, pamoja na redio ndogo ya nguvu kidogo inayofikisha ujumbe kilomita kadhaa bila intaneti na bila kadi sim, ni kitu ambacho vijana wa Goma wanaoreparisha simu kando ya barabara wanaweza kujifunza kukitunza. Kumi vikiongea pamoja, vinaweza kuonyesha hewa inahamia wapi asubuhi hiyo. Wamama wanaokwenda kuchota maji wakaambiwa: leo msipite njia ya chini. Hakuna gavana anayehitajika kwa tangazo la namna hiyo.

Watu wengine wanaona jawabu liko kwenye simu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 Google ilianza kutumia simu za Android zenyewe kama vihisi: simu iliyotulia mezani ikitikisika inatuma neno, na maelfu zikisema jambo moja kwa wakati mmoja, tetemeko linajulikana. Wazo ni zuri sana. Lakini linasimama juu ya simu zilizo na moto, zenye megabaiti, zilizotulia mezani. Kambini simu inakwenda kuchajiwa kwa malipo, inarudi, inazimwa ili moto udumu, na meza hakuna. Mtandao unaohesabu simu tu utaona mji na hautaona kambi, kisha ramani itaonyesha watu wamelala salama mahali ambapo hawakuhesabiwa.

Kambini kifaa ambacho bado kinafanya kazi ni redio. Moja kwa hema nyingi, wakati mwingine ya kusuguliwa kwa mkono, ikiwekwa juu ya jiwe ili watu 10 wasikilize. Hicho nacho ni kifaa cha mtandao, cha mwisho kwenye mnyororo, na hakijawahi kuunganishwa na cha kwanza. Taarifa za OVG hutoka mara nyingi kwa Kifaransa, na maneno kama "amplitude ya tremor" ambayo hata mwalimu wa sekondari anayapita mbio. Zinazunguka kwenye WhatsApp ya watu wa ofisi. Mpaka zifike redioni zimekuwa za jana, na mpaka zigeuzwe Kiswahili na Kinyarwanda zimepoteza nusu.

Kinachoombwa si kikubwa. Kwanza, bili ya intaneti na ya betri ya vihisi ilipwe kutoka bajeti ya serikali, kila mwezi, kama mshahara wa askari, isitegemee mradi wa wazungu ambao una tarehe ya kufa. Pili, laini ya moja kwa moja kati ya vituo na redio za Goma, Sake na Minova, ili neno fupi likitoka mlimani, mtangazaji wa zamu alione wakati uleule na mtaalamu wa zamu, kwa kanuni iliyokubaliwa mapema ya nani anasema nini na kwa lugha gani. Tatu, wahami wawe na nafasi ndani ya mtandao wenyewe. Walinzi wa usiku wa kambi wanaona moshi, wanasikia harufu, wanajua kisima kilichopata joto. Wapewe namba moja ya kupigia bila malipo, na wanapopiga wajibiwe. Mtu anayetoa habari mara 3 bila kujibiwa hatapiga ya 4.

Pale Kanyaruchinya mzee mmoja hakungoja. Kila jioni anasimamisha chupa tupu, mdomo chini, juu ya jiwe bapa karibu na kichwa cha kitanda chake. Ikianguka, anagonga sufuria. Jirani naye ana chupa yake. Na yeye ikiwa imeanguka, anagonga ya kwake, na sauti inapita toka hema hadi hema mpaka mwisho wa safu. Chupa moja ikianguka peke yake, watu wanajua ni panya ao mtoto aliyegeuka usingizini. Zikianguka zote, wanaamka.

Hajui kuzifanya ziseme kama ni bombe ao ni mlima.